Paka Aliyepelekwa Bwera

Siku paka yule wa kijivu alipoletwa, mbwa wote wa bandani waligoma kula.

Yayeri aligundua alipopita mara ya pili kukusanya mabakuli. Posho, ule ugali wa mahindi, ilikuwa vilevile alivyoipakua, mchuzi wa vichwa vya samaki umeanza kuganda juu yake, na mbwa kumi na wanne waliozoea kugombana kabla bakuli halijagusa chini walikuwa wamejikunyata, kila mmoja kwenye kona ya kizimba chake, pua zimeelekea ukutani. Hakuna aliyebweka. Tangu lifunguliwe, banda lile halikuwahi kuwa kimya hivyo. Aliweza kusikia bomba la stesheni likidondosha maji ng'ambo ya reli.

"Mama, hii hapana mzuri," alisema Nuwa nyuma yake, kwa sauti ya chini.

Nuwa alikuwa askari wa zamani wa KAR, jeshi la Waingereza, mtu mrefu mwenye goti bovu alilorudi nalo kutoka vita vya Burma, na Kiswahili chake kilikuwa kilekile cha jeshini. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kujitolea bandani. Kila asubuhi alifagia vizimba, akawakagua mbwa kama kikosi, huyu akampa cheo cha koplo na yule cha sajini, na aliyemtoroka wakati wa kuoga alimshusha cheo mbele ya wenzake. Hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Kwa hiyo Yayeri aligeuka kumtazama vizuri, akaona ameshika fagio kwa mikono miwili, kifuani, kama mtu aliyeshika bunduki.

"Labda wanaumwa matumbo," Yayeri akasema.

"Wote? Siku moja?"

Reli ilikuwa imefika Kasese mwaka uliotangulia. Wajenzi walipovunja kambi zao na kuondoka waliacha nyuma mbwa, paka, mbuzi kadhaa na punda wawili wenye vidonda mgongoni. Mbwa wakaanza kuzurura sokoni, hofu ya kichaa cha mbwa ikaenea, na amri ikatoka wapigwe risasi. Yayeri, mjane wa msaidizi wa daktari wa mifugo, alivaa gauni lake la kanisani akaenda ofisi ya serikali siku nne mfululizo, akakaa kwenye benchi mpaka wakubwa wakachoka kumwona. Siku ya nne walimpa ghala kuukuu la saruji kando ya reli, pamoja na masharti mawili. Kila mnyama atengwe siku kumi, aangaliwe kama ana kichaa. Na siku mnyama yeyote aliyetoka kwake atakapomdhuru mtu, banda litafungwa na wote waliomo watapigwa risasi siku hiyohiyo.

Hakuwa na mfanyakazi wa kulipwa hata mmoja. Alikuwa na Nuwa, alikuwa na Ramula mke wa muuza vitambaa aliyewaletea paka maziwa, na alikuwa na wanawake wa Maliba waliobeba vitoto vya mbwa vifuani wakavilea mpaka vikajua kula wenyewe. Huko Bwera, karibu na mpaka wa Kongo, alikuwa na nyumba sita za walezi. Mlezi alimtunza mnyama kwa muda, mpaka apone au apatikane wa kumchukua moja kwa moja, na kila mwezi Yayeri alipanda lori la Badiru kwenda kuwakagua.

Badiru huyo ndiye aliyemleta paka. Alisomba pamba kutoka Bwera hadi stesheni ya Kasese, na siku hiyo mvua ilimpiga njia nzima, tangu Mpondwe mpaka Kikorongo na kuendelea. Alipofungua kamba na kuvuta turubai, alimkuta paka ameketi juu ya magunia, amelowa chapachapa, manyoya yamegandamana mbavuni. Magunia yalikuwa makavu. Turubai halikuwa na tundu.

"Nilishika yote kwa mukono," Badiru alimwambia Yayeri. "Pamba iko kavu. Yeye tu ndiye maji."

Yayeri alimfungia kwenye kizimba cha peke yake, akafunga kikadi kwa uzi wa katani mlangoni kama alivyofanya kwa kila mgeni, akaandika siku na rangi. Siku kumi zikahesabiwa, mbwa wakilamba kidogo tu cha kuwashikilia. Paka hakutoa udenda, hakuuma, hakuogopa maji wala mwanga. Hakulia hata mara moja. Ila hakukauka. Nuwa alimfuta kwa gunia asubuhi, na mchana alikuwa amelowa tena, na kizimba kilinuka tope la mto. Maziwa aliyowekewa yaliisha bila mtu kumwona akinywa, na chini ya sahani palibaki mchanga mwembamba, safi, kama uliochujwa.

Yayeri alijiambia ni ugonjwa wa ngozi. Alimpaka mafuta. Alikuwa ameona magonjwa mengi akiwa na marehemu mumewe, na mengi hakuyajua jina.

Badiru alikuwa na mke, Mariat, mzaliwa wa ng'ambo ya mpaka, na walikuwa na mtoto mmoja tu, Aidah, wa miaka sita. Miezi mitatu nyuma, wakati wa masika, mto Lhubiriha ulimchukua Aidah alipoinama kusuuza sufuria. Walimpata kesho yake chini ya mto, wakamwosha, wakamzika. Tangu siku hiyo Mariat hakusema neno. Alipika, alifagia, aliketi mlangoni. Badiru alikuwa akimwambia Yayeri mambo haya kidogo kidogo ndani ya lori, macho barabarani, na siku ya kumi na moja tangu paka aletwe alizima injini mbele ya banda asishuke.

"Mama Yayeri," alisema, "mupatie kitu ya kushika. Mikono yake iko tupu. Naona anaishika hivi, moja na nyingine, siku nzima."

Mbwa hakufaa kulala ndani mwao, kwa kuwa walikuwa Waislamu. Paka wengine walikuwa tayari na walezi. Alibaki wa kijivu.

"Hapana toa hii paka," alisema Nuwa alipomwona Yayeri akifungua kizimba. Alisimama mlangoni kwa mwili wake wote. "Mama, mimi hapana sema kitu siku zote. Leo nasema."

"Siku kumi zimepita, Nuwa. Hana kichaa. Na yule ni mama aliyefiwa."

Nuwa alimtazama paka, paka akamtazama. Kisha askari yule akasogea kando, akivuta goti lake.

Huko Bwera, nyumbani kwa Badiru, Yayeri alimtoa paka kikapuni kwa mikono yake, akamweka juu ya mapaja ya Mariat. Mariat alikaa kama alivyokuwa. Halafu vidole vyake vikazama kwenye manyoya yale mabichi, vikatulia, uso wake ukakunjamana kama wa mtu aliyeamshwa.

"Iko na baridi," alisema. "Masikini. Iko na baridi sana."

Badiru aliinamia ukuta akalia. Na paka, aliyekuwa bubu siku zote zile, alifungua kinywa akatoa sauti ndogo, moja tu. Yayeri alirudi Kasese na furaha iliyomkaa kifuani njia nzima. Mbwa walikula siku hiyo mpaka wakalamba mabakuli.

Wiki ya tatu Badiru alikuja bandani kwa miguu, lori ameliacha stesheni. Alisubiri Ramula aondoke na ndoo yake, ndipo akasogea karibu.

"Anaongea sasa," alisema. "Anaongea sana."

"Si ndiyo tuliyoomba?"

"Anaongea na paka. Na ninasikia..." Alikuna kidevu. "Magharibi anaibeba anaenda nayo mtoni. Nauliza, unafanya nini mtoni? Anasema, nafua. Anarudi amelowa mpaka hapa." Akagusa magoti yake. "Na nguo ya kufua hana. Mama, kuja uitoe. Tafazali."

Hapo ndipo Yayeri alipofanya jambo ambalo hakujisamehe. Wakubwa walikuwa wametuma habari kuwa watakuja kukagua banda wiki iliyofuata. Ikisikika tu kwamba mnyama wake amemvuruga mtu akili, hakuna atakayeuliza mengi, bunduki zitaletwa. Aliwatazama wale mbwa, koplo na sajini na wengine, na punda aliyeanza kuota manyoya juu ya kovu.

"Baba, vumilia kidogo," alisema. "Huzuni ina njia zake. Anakwenda mahali mtoto alipopotelea, ni jambo la kawaida. Wiki ijayo nitakuja mwenyewe."

Badiru alikuwa mtu mpole, hakubishana na mwanamke wa umri wa mama yake. Aliinamisha kichwa akaenda.

Wakaguzi walikuja, wakatazama, wakaandika, wakaondoka bila neno baya. Siku mbili baadaye, saa sita za mchana, Badiru aliingia bandani bila kubisha hodi. Kanzu yake ilikuwa imelowa upande mmoja na uso ulikuwa wa majivu.

"Jana maji ilimufika hapa," alisema, akaweka kiganja kifuani. "Nilimuvuta kwa nywele, mama. Mke wangu, nilimuvuta kwa nywele. Na wakati namuvuta nilisikia mutoto wangu ananiambia, baba, mwache."

Nuwa, aliyekuwa akiosha mabakuli, aliyaweka chini yote kwa mara moja.

"Kwenda, mama," alisema. "Mimi nabaki na kikosi. Kwenda sasa."

Wakaondoka na lori. Mawingu yalikuwa yameshuka kutoka milimani mpaka kwenye migomba, na kioo cha lori kilizidi kuingia ukungu kila Badiru alipokifuta. Kabla ya kufika nyumbani walimpitia Mwalimu Muhamood, aliyefundisha watoto wa Bwera Kurani. Alikuwa mzee mfupi, mwenye Kiswahili cha kusoma, na ndiye aliyemsalia Aidah jeneza. Aliwasikiliza akiwa amesimama, akauliza swali moja tu.

"Paka huyo aliingiaje nyumbani? Alikuja mwenyewe?"

"Nilimleta mimi," alisema Yayeri. "Nilimpa Mariat mkononi."

Mwalimu alifumba macho kidogo.

"Baada ya msiba tuliisomea nyumba ile siku saba," alisema. "Kitu hicho chenyewe kisingevuka kizingiti. Kilipanda lori kikaenda mpaka kwako, mama, kwa sababu kilijua kwako mnyama hutolewa kwa mkono na hupokewa kwa mkono. Kilitaka kukabidhiwa."

Yayeri aliitazama mikono yake. Ilikuwa bado na harufu ya sabuni ya mbwa.

Walimkuta Mariat ameketi juu ya mkeka, mlango wazi. Alikuwa amekonda mpaka mifupa ya mabega ilionekana chini ya kitenge, nywele zimelowa, midomo ya rangi ya jivu, na alikuwa akitabasamu. Paka alikuwa mapajani. Mariat alimchana kwa kitana kidogo cha mtoto, taratibu, na kila alipochana maji yalitiririka kwenye mkeka, yakafika ukutani, yakasimama hapo bila kukauka. Chumba kizima kilinuka tope. Mbele yake palikuwa na sahani mbili za wali, moja haijaguswa.

"Karibu, Mama Yayeri," alisema kwa furaha. "Umekuja kuona mutoto?"

"Nimekuja kumchukua paka wangu, mwanangu," Yayeri alisema. "Nilikupa umlee kwa muda tu. Sasa namrudisha."

Tabasamu halikuondoka. "Hii hapana paka yako. Nani alikuambia iko paka?"

"Mama Aidah," alisema Mwalimu, polepole, "tulimzika Aidah. Mimi nilimsalia. Ulikuwepo."

"Mlimuweka kwenye baridi," Mariat akajibu, na akainuka.

Jua lilikuwa linashuka nyuma ya milima ya Kongo. Aliwapita mlangoni akiwa amembeba paka begani kama abebwavyo mtoto mwenye usingizi, na Badiru aliponyoosha mkono kumshika, mkono ule ulimwishia nguvu ukaanguka, naye akabaki akiutazama kama si wake. Wakamfuata. Walipita uani kwa majirani ambao walifunga milango walipowaona, wakapita kwenye shamba la mihogo, na kadiri walivyoteremka ndivyo Yayeri alivyotambua kwamba hasikii chura, hasikii ndege, hasikii hata mto wenyewe, ambao kwa wingi wa maji yake ulipaswa kusikika tangu barabarani, na kimya kile alikijua, kilikuwa kilekile kilichoingia bandani siku paka alipoletwa, ila sasa kilikuwa kikubwa, kimejaa bonde zima, na wao wanne walikuwa ndani yake kama vitu vilivyodondoshwa kisimani.

Mariat aliingia majini bila kusita. Yakamfika magotini, yakamfika kiunoni. Hapo paka hakuwa tena begani mwake, na hakuna aliyeona alivyoshuka. Mwalimu Muhamood alisimama ukingoni akaanza kusoma Ayatul Kursiyyu, mara ya kwanza kwa sauti, mara ya pili kwa sauti zaidi, na katikati ya kusoma kwake, kutoka pale maji yalipokuwa meusi chini ya matete ya ng'ambo, ikaja sauti ya mtoto.

"Mama? Uko?"

Haikuwa sauti ya kutisha. Hilo ndilo Yayeri hakulisahau. Ilikuwa na kikwaruzo kidogo, kama ya mtoto aliyetoka kuamka, na mwisho wa neno ulipanda juu na kubaki huko ukingoja, sauti ya mtoto ambaye hajawahi kuita asiitikiwe, na Yayeri, ambaye hakuwahi kumjua Aidah, alijikuta amekanyaga maji kwa mguu wa kulia na wa kushoto unafuata, moyo unamuuma kwa huruma, mpaka Badiru alipomkamata mkono kwa nguvu, huku yeye mwenyewe machozi yakimtiririka mpaka shingoni.

"Iko yeye," Badiru alinong'ona. "Mwalimu, iko yeye kabisa."

"Si yeye," alisema Mwalimu. "Aidah yuko kwa Mola wake, haoni baridi. Mama Yayeri, wewe ulikitoa, kirudishe. Sema."

Yayeri alisema kwamba yeye aliyekitoa anakirudisha, kwamba mkono wake hauna tena kitu hicho. Maneno yalitoka makavu. Maji yalitikisika kidogo, lakini Mariat aliendelea kwenda, yakamfika kifuani.

"Sasa aliyekipokea," alisema Mwalimu. "Mariat, binti yangu, nisikilize. Hakuna mtu mwingine anayeweza. Kiambie: mimi si mama yako. Mara moja tu, lakini iwe wewe."

Mariat akasimama. Hakugeuka.

"Mama? Nasikia baridi. Uko?"

"Badiru," alisema Mariat, mgongo ukiwa kwao, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ilikuwa ya mtu mzima aliyechoka. "Ulimushika? Siku ile, ulimushika wewe mwenyewe?"

"Nilimushika," Badiru akajibu. "Niliingia kaburini, nikamupokea kwa mikono hii. Alikuwa mwepesi, Mariat. Nilimulaza kwa ubavu. Haiko yeye hapo."

Mwanamke yule alisimama majini muda ambao Yayeri hakuweza kuupima, mabega yakimpanda na kushuka, na ile sauti ikaendelea kuita, ikaita tena, safari hii ikianza kulia, ikitaja sufuria, ikitaja kitana, ikisema haitainama tena mtoni, itakuwa mtoto mzuri, na kila neno lilimpiga Mariat hata kichwa kikamtikisika. Ndipo akasema. Alisema kwa upole, kama anavyosema mtu na mtoto wa jirani aliyepotea njia.

"Mimi hapana mama yako."

"Nimekosa nini?" ikauliza ile sauti.

Mariat alifunika masikio akapiga ukelele mrefu usio na neno. Mto ukarudi kunguruma kwa ghafla hata wote wakashtuka, vyura wakaanza, na Badiru akajitupa majini akamfikia mkewe kabla hajazama. Walipomlaza juu ya majani, Mwalimu aliwaonyesha kitu pale ukingoni kwa ncha ya bakora yake. Ilikuwa ngozi ya paka wa kijivu, kavu, ngumu kama ganda la muhogo, ya mnyama aliyekufa miezi mingi nyuma. Ndani yake hamkuwa na mfupa. Ilikuwa imejaa mchanga mwembamba.

Waliizika palepale. Kabla ya kuachana, Mwalimu alimvuta Yayeri kando.

"Umeisikia, na ilikufikia moyoni, niliona miguu yako," alisema. "Usiitamke sauti ile kwa kinywa chako. Usimwigie mtu alivyoita, hata kwa kusimulia. Kilichofukuzwa husubiri kuitwa au kuitikiwa."

Banda halikufungwa. Hakuna aliyepeleka habari ofisini, na Badiru hakumlaumu Yayeri hata kwa jicho, jambo lililomuumiza kuliko lawama. Tangu siku hiyo hakumkabidhi mtu mnyama kwa mikono yake. Walezi walipokuja aliwafungulia vizimba, wakaingia wenyewe, wakachagua na kubeba, naye akasimama mbali akiwa ameficha mikono ndani ya kitenge.

Miezi miwili ilipita. Alasiri moja lori la Badiru lilisimama mbele ya banda na Mariat akashuka. Alikuwa amepata mwili kidogo. Alimkuta Yayeri akiwanywesha maziwa vitoto vinne vya mbwa kwa kitambaa, akachuchumaa karibu naye. Hakuvigusa.

"Unaendeleaje, Mama Aidah?"

"Niite Mariat, mama." Alitazama kitoto kimoja kikinyonya. "Nimekuja kuomba kitu. Naona uso yake. Naona meno ile mbili ilitoka, naona magoti. Kila kitu iko. Lakini akifungua kinywa, hakuna. Aliniita namna gani? Natafuta, natafuta, hakuna. Ile kitu ilienda na sauti yake."

Yayeri aliendelea kuchovya kitambaa.

"Nimeuliza Badiru, na yeye hana. Majirani hawana, watoto alicheza nao hawana. Hata Mwalimu." Akamshika Yayeri mkono, maziwa yakamwagika. "Wewe ulisikia kule mtoni. Najua haikuwa yeye. Lakini sauti ilikuwa yake, si ndiyo? Niambie tu. Mara moja. Nisikie namna alikuwa ananiita, halafu sitauliza tena mpaka nife."

Mwanga wa alasiri uliingia kupitia matundu ya mabati ukamwangukia Mariat usoni, na Yayeri aliona kwamba mwanamke huyu alikuwa amemwambia mwanawe mimi si mama yako, na tangu siku ile alikuwa akisubiri kusikia jibu. Sauti ile ilikuwa juu ya ulimi wake. Kikwaruzo kile, kule kupanda kwa mwisho wa neno. Alikuwa nayo yote, yeye peke yake duniani.

"Nimesahau, mwanangu," alisema.

"Na wewe?"

"Na mimi. Nisamehe."

Mariat aliuachia mkono wake. Akaitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama mtu aliyeelezwa njia ndefu, akainuka, akajipangusa magoti, akamshukuru. Badiru alimfungulia mlango wa lori. Yayeri alilitazama mpaka likapotea nyuma ya stesheni, kisha akarudi kwa vitoto vya mbwa.

Vilikuwa vimeacha kunyonya. Vyote vinne vilikuwa vimegeuza pua ukutani.

"Mama? Uko?" ikasema ile sauti, karibu kabisa, ndani ya sikio lake la kushoto.

Yayeri hakuwahi kuzaa. Alifunga kinywa kwa viganja vyake viwili, akabana kwa nguvu zote, kwa sababu midomo ilikuwa imekwisha kufunguka kuitika.